Kocha Anapikwaje? Soma Hapa Kabla Hujafungua Pochi

 

Leo tuzungumze habari za makocha. Na siyo wale wa Simba na Yanga tu, ambao kila kijiwe kina mtu anayejua kazi yao kuliko wao. Nazungumzia hawa wa kwetu sisi: kocha wa maisha, kocha wa ndoa, kocha wa biashara, hata kocha wa kupunguza tumbo baada ya kujifungua. Ukiwasha simu asubuhi, watatu wameshakualika semina. Ukienda kicheni pati, mmoja ameshashika kipaza sauti.

Sina ugomvi nao. Wapo wanaoijua kazi na wamewatoa watu mbali. Tatizo ni kwamba katika nchi nyingi jina la kocha halilindwi na sheria kama la daktari au la wakili. Leo mtu ameacha kazi ya mauzo, kesho kadi yake inasomeka "kocha wa mahusiano", na keshokutwa wewe na mwenzako mmekaa mbele yake mkimweleza mambo ambayo hata mama zenu hawayajui. Hapo si pesa tu inayochezewa. Ni ndoa, ni ajira, ni siri za chumbani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza anatoza kiasi gani, kuna swali la kutangulia: huyu mtu amepikwaje mpaka akaiva? Ukijua kocha anavyopikwa, mbichi utamjua mapema.

NENO LILITOKA KWENYE GARI LA FARASI

Tuanze na jina lenyewe. Huko Hungaria kuna kijiji kinaitwa Kocs. Mafundi wake walisifika tangu karne ya 15 kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi, na jina la kijiji likasambaa Ulaya nzima kama jina la gari. Karne ya 19, wanafunzi wa Oxford kule Uingereza wakaanza kumwita hivyo mwalimu wa ziada anayemvusha mtu kwenye mtihani. Yaani amembeba kama gari. Kutoka darasani neno likaingia viwanjani, na kutoka viwanjani likatufikia sisi kama kocha.

Naupenda mfano huo wa gari, kwa sababu gari halichagui safari. Mwenye safari ni abiria. Kocha anayekuambia uolewe na nani, uache kazi gani, au mumeo umfukuze lini, huyo si gari tena. Amekaa kwenye kiti chako.

Wazo la kumtumia kocha nje ya michezo lilipata nguvu mwaka 1974, pale Timothy Gallwey, Mmarekani aliyefundisha tenisi, alipotoa kitabu chake kuhusu mchezo unaochezwa ndani ya kichwa. Alichokiona uwanjani ni kwamba kadiri alivyomkaripia mwanafunzi "inua mkono, kunja goti", ndivyo mwanafunzi alivyozidi kukakamaa. Alipomwambia auangalie tu mpira kwa makini na aseme anachokiona, mwili ukaanza kujirekebisha wenyewe. Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, akalichukua wazo hilo na wenzake wakalipeleka maofisini katika miaka ya 1980. Kitabu chake cha mwaka 1992 ndicho kilichozifanya kampuni nyingi zianze kuwatafutia mameneja wao makocha.

Tusisahau nasi tulikuwa na wetu. Kwa desturi za Pwani, msichana akivunja ungo hupewa somo, na akikaribia kuolewa kungwi anaingia kazini. Kungwi hatangazi. Anajulikana mtaani, ameshakaa sana pembeni ya makungwi wakubwa, ameshika ngoma, amejibu nyimbo, ameona mabwana harusi na mabibi harusi wa kila aina, ndipo akaaminiwa mwali wake mwenyewe. Tofauti ni kwamba kungwi anakuja na mafunzo yaliyokwisha kupangwa na wazee, wakati kocha wa leo anatakiwa aje na maswali. Lakini njia ya kuiva ni moja: kukaa karibu na kazi, muda mrefu, ukiangaliwa na aliyekutangulia.

MWALIMU WA JIOGRAFIA ALIYETOA MABINGWA

Watu wengi wanaamini kocha mzuri ni yule aliyekuwa bingwa mwenyewe. Eti kama hajawahi kumiliki kampuni, atanifundishaje biashara? Swali zuri. Njoo basi nikupeleke Iten, kule juu Bonde la Ufa nchini Kenya.

Mwaka 1976 alifika pale mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya wavulana ya St. Patrick's. Hakuwa mwanariadha wala hakuwa na mafunzo ya ukocha. Riadha pale shuleni ilikuwa mikononi mwa mwalimu mwingine, Mwingereza Peter Foster, ndugu yake yule mkimbiaji maarufu Brendan Foster. Bruda akawa anasaidia. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia msaidizi.

Angefanya nini? Hakuwa na medali ya kuwaringishia wale vijana. Alichokuwa nacho ni macho, masikio na muda. Akakaa pembeni ya uwanja akawatazama. Akawauliza wao wenyewe wanajisikiaje, nini kimewachosha, nini kimewasaidia. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Iten mgeni ndiye aliyefundishwa kwanza na wenyeji, kisha wenyeji wakapona.

Matokeo yake unayajua hata kama jina lake hukulijua. Peter Rono, aliyesoma shule hiyo, alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kule Seoul mwaka 1988. Wilson Kipketer, naye wa shule hiyo hiyo, akaja kuwa mwenye rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997 akiikimbilia Denmark. Mwaka 1989 Bruda akaanzisha kambi za mazoezi za vijana wakati wa likizo.

Halafu akaja David Rudisha. Kijana huyu alikuwa anajiona mtu wa mita 400, na si ajabu, maana baba yake Daniel alipata medali ya fedha ya kupokezana vijiti vya mita 400 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Bruda akamtazama, akamshauri ajaribu mita 800. Tarehe 9 Agosti 2012, kwenye fainali ya Olimpiki jijini London, Rudisha aliongoza mbio mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91. Miaka minne baadaye kule Rio akaitetea dhahabu yake.

Hebu pima mwenyewe: kama Bruda angekuwa bingwa mstaafu, huenda angewafundisha wote wakimbie kama yeye. Kwa kuwa hakuwa na mbio zake, ilibidi asome mbio za kila mmoja.

Wala si yeye peke yake. Arrigo Sacchi hakuwahi kucheza mpira wa kulipwa na aliwahi kufanya kazi ya kuuza viatu, lakini akaichukulia Milan Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1989 na 1990. Jose Mourinho naye alianza pembeni ya Bobby Robson, akimtafsiria lugha, huku anasikiliza na kuandika. Sisemi kwamba kucheza hakusaidii. Kinasaidia. Ila kucheza ni fundi mmoja na kumfanya mwingine acheze ni fundi mwingine.

KADI NDOGO ZA JOHN WOODEN

Sasa huenda utasema, kumbe ukikaa pembeni miaka mingi unaiva tu. Hapana. Wapo waliokaa miaka 20 na filimbi mdomoni na bado wanafundisha walichofundisha mwaka wa kwanza. Miaka peke yake haimpiki mtu. Sufuria inaweza kukaa jikoni kutwa na moto umezimika.

Mwangalie John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani. Kati ya mwaka 1964 na 1975 timu yake ilichukua ubingwa wa vyuo vya nchi nzima mara 10. Watu wanazikumbuka hizo 10. Wanachosahau ni kwamba alianza kufundisha UCLA mwaka 1948. Ubingwa wa kwanza wa taifa ulikuja msimu wake wa 16 pale.

Miaka yote hiyo alikuwa anafanya nini? Kila asubuhi alikaa na wasaidizi wake kama saa mbili kupanga mazoezi ya jioni ambayo nayo yalikuwa ya saa mbili hivi. Kila zoezi liliandikwa kwenye kadi ndogo na dakika zake. Jioni ikipita, aliandika kipi kimekaa sawa na kipi kimegoma, na kumbukumbu hizo alizitunza mwaka hadi mwaka. Msimu ukiisha alichagua jambo moja tu, kwa mfano mitupo ya adhabu, akalichimba miezi yote ya mapumziko: anasoma, anawaandikia makocha wengine, anauliza wachezaji hodari wanafanyaje. Msimu unaofuata anakuja na kitu kipya.

Mwaka 1974 hadi 1975 watafiti wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walienda kukaa pembeni ya uwanja na kuandika kila alichosema na kutenda mazoezini. Walikusanya vitendo 2,326. Walitegemea hotuba za kutia hamasa na sifa nyingi. Hawakuzikuta. Sifa tupu zilikuwa chini ya asilimia 7, na makaripio nayo kiasi hicho hicho. Sehemu kubwa, karibu robo tatu, ilikuwa maelezo mafupi ya nini kifanyike na kifanyike vipi. Mchezaji akikosea, Wooden alimwonyesha namna sahihi, akamwigizia alivyokosea, kisha akamwonyesha tena namna sahihi. Sekunde chache tu, mchezo unaendelea.

Hebu linganisha na semina zetu. Muziki mkubwa, watu wanaruka, jirani unaambiwa umkumbatie jirani na mwambie "wewe ni mshindi". Unatoka umesisimka kweli kweli. Jumatatu bosi ni yule yule, deni ni lile lile, na hakuna aliyekuonyesha ufanye nini tofauti. Hamasa ni kiungo kizuri, lakini pilipili peke yake si mchuzi.

KIKAO CHENYEWE KINAENDAJE

Tukija kwenye hawa makocha wa maisha na kazi, njia inayotumika zaidi ni ile ya Whitmore na wenzake, yenye hatua nne: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na utashi wa kutenda. Kuzitaja ni rahisi. Kuzitumia ndiko kunakomtofautisha aliyeiva na mbichi.

Tuseme ni mume na mke, miaka minne ya ndoa, wote wana kazi, na kila ikifika tarehe 25 nyumba inawaka moto kwa sababu ya pesa. Kocha mbichi atawasikiliza dakika 5 kisha atatoa dawa: "Fungueni akaunti ya pamoja, kila mtu aweke nusu." Wanalipa, wanaondoka, na wiki ya pili wanagombania hiyo akaunti.

Kocha aliyeiva anaanza na lengo. "Kaka, na wewe dada, baada ya miezi sita mngependa nini kiwe tofauti nyumbani kwenu?" Mume anasema anataka wanunue kiwanja. Mke anasema anataka ajue pesa inakwenda wapi. Umeona? Walidhani wana ugomvi mmoja, kumbe kila mtu ana wake. Hapo kocha hakimbii. Anakaa hapo mpaka wapate lengo ambalo wote wawili watalitamka kwa maneno yale yale.

Kisha hali halisi. Siyo "mumeo ni mtu wa namna gani", bali "mwezi uliopita ilitokea nini, tarehe ngapi, shilingi ngapi". Ndipo inajulikana kwamba mume anamtumia mama yake kila mwezi bila kusema, na mke yuko kwenye vikoba viwili ambavyo mume anakijua kimoja. Kocha hashtuki wala hachukui upande. Anaacha ukweli ukae mezani kidogo.

Halafu njia zilizopo. Hapa aliyeiva anafunga mdomo. Anauliza "nini kingine?" mara tatu, mara nne, kwa sababu jibu la kwanza mara nyingi ni lile waliloshajaribu likashindikana. Na mwisho ni utashi: nani atafanya nini, siku gani, na tutajuaje kama amefanya? Bila hiyo ya mwisho, vyote vilivyotangulia vilikuwa gumzo la baraza.

Kikao cha pili ndicho kipimo. Kocha wa kweli anaanza kwa kuuliza ilikuwaje. Kama wamefanya, wamejifunza nini? Kama hawakufanya, ni nini kiliwazuia? Hagombi, anasoma. Pengine lengo lilikuwa kubwa mno, pengine yeye kocha ndiye aliyewaharakisha. Anarekebisha, safari inaendelea. Ukocha ni mzunguko huo: tazama, uliza, jaribu, rudi utazame tena.

MGANGA HAJIGANGI

Sasa turudi jikoni kwa kocha. Mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha mwaka 1993 utafiti uliosifika sana, wa wapiga fidla wa Berlin. Baadaye dunia ikaufupisha kuwa eti ukifanya kitu saa 10,000 unakuwa bingwa. Ericsson mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 2020, alikataa ufupisho huo. Alisisitiza aina ya mazoezi: yale yenye lengo dogo lililo wazi, yanayokuumiza kidogo kwa sababu yako juu ya uwezo wako wa leo, na yenye mtu wa kukuambia umekosea wapi.

Kwa kocha, hilo la tatu ndilo gumu. Anakaa chumba kimoja na wateja wake, mlango umefungwa. Nani atamwambia kwamba anaongea sana? Kwamba amemwonea huruma mke kwa sababu amemkumbusha dada yake? Mganga hajigangi. Ndiyo maana makocha makini nao wana makocha wao. Wanarekodi baadhi ya vikao kwa ruhusa ya mteja, wanavipeleka kwa mkubwa wao wa kazi, na wanakubali kusahihishwa kama mwanafunzi wa darasa la pili.

Shirikisho la kimataifa la makocha linalojulikana kwa kifupi kama ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, limeweka ngazi tatu za vyeti. Ya chini inadai mafunzo ya saa 60 na zaidi pamoja na saa 100 za kufundisha watu. Ya kati inadai mafunzo ya saa 125 na saa 500 za kazi. Ya juu kabisa ni mafunzo ya saa 200 na saa 2,500 za kazi. Na kuna saa 10 za kukaa chini ya kocha mwingine ukikosolewa. Kuwa nacho si hakikisho kwamba mtu ni mzuri, na wapo wazuri wasio nacho. Lakini ukijua hizo namba, yule aliyehitimu Ijumaa hadi Jumapili hotelini na kukabidhiwa cheti chenye utepe hatakutisha tena.

NA WEWE UNA KAZI YAKO

Hapa nitakusema kidogo, msomaji wangu. Wengine wetu tunachanganya kocha na kochi. Tumelipa, tumekaa, tunasubiri tubebwe.

Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, alirudi kwao Nandi akawa anafundisha vijana. Kuna kijana mmoja wa jirani alimfuata akaomba programu ya mazoezi. Sang akampa ya wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, kijana karudi: nimemaliza, nipe nyingine. Akapewa. Akarudi tena. Alikuwa anaitwa Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alichukua ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Na mwaka 2019 kule Vienna, alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 katika jaribio lililoandaliwa maalumu, kocha wake alikuwa ni huyo huyo Sang.

Programu Sang aliwapa wengi. Kilichomtofautisha kijana yule ni kurudi akiwa amefanya. Kocha hata awe nani, kati ya kikao na kikao ni wewe peke yako.

UKOCHA NDANI YA MAPENZI

Najua wapo wanaosema, "kwa nini nilipie mtu wa nje, mume wangu si yupo?" Jamani, ulishawahi kumwona mume akimfundisha mkewe kuendesha gari? Dakika 10 za kwanza ni "mpenzi, achia klachi taratibu". Dakika ya 15 ni "si nimekwambia!" Wanarudi nyumbani kila mtu anaangalia dirisha lake.

Haimaanishi hawapendani. Ni kwamba gari ni lao wote, na likigongwa wataumia wote. Mwenye la kupoteza hawezi kutulia akuache ukosee kidogo ndipo ujifunze. Ndiyo faida ya mtu wa nje: hana hisa kwenye hasira zenu.

Hata hivyo, yapo ya kuazima kwake. Mwenzako akija na shida ya kazini, jaribu kuuliza kabla ya kutoa dawa. "Unataka nikusikilize tu, au tutafute njia pamoja?" Swali hilo moja limeokoa chakula cha jioni cha watu wengi.

Na yapo ya kutompelekea kocha kabisa. Kama nyumbani kuna kipigo, vitisho, au mmoja anamwogopa mwenzake, hilo si suala la kuweka malengo. Nenda kwa watu wa ustawi wa jamii, nenda dawati la jinsia polisi. Kama mtu halali, hali, hana hamu ya kuishi, muone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Kocha mwaminifu atakuambia mwenyewe kwamba hapa si kwangu. Kocha mbichi atakuuzia kifurushi cha vikao 12, na kwa mtu aliye hatarini hizo wiki 12 zinaweza kuwa ndefu kupita kiasi.

MASWALI YA KUMUULIZA

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla hujalipa, omba mazungumzo mafupi, kisha muulize haya:

1. Ulijifunzia wapi, kwa saa ngapi, na nani alikuwa anakusimamia?

2. Sasa hivi nani anakukosoa? Akisema hahitaji, kunywa soda yako, aga, ondoka.

3. Ni jambo gani ulikuwa unalifanya zamani na wateja na sasa umeliacha? Aliyeiva hapati shida hapa, maana amebadilika mara nyingi. Mbichi atakusimulia mafanikio yake.

4. Ni shida gani huzipokei, na unazipeleka kwa nani? Anayepokea kila kitu ni duka la jumla.

5. Tunayoongea yanabaki wapi? Kama anakupa mifano ya wateja wengine kwa majina, jua na wewe utakuwa mfano wa wiki ijayo.

6. Tutajuaje kwamba tumemaliza? Hili usiliache.

Halafu mwangalie na wakati wa mazungumzo yenyewe. Nani ameongea zaidi, wewe au yeye? Amekuuliza swali lililokufanya unyamaze ukafikiri? Ametaka kujua unachotaka wewe, au ameshajua kabla hujakaa?

Nimeliweka swali la sita mwisho kwa makusudi. Dereva mzuri wa hilo gari la farasi anajua kituo chako, na ukifika anasimama ushuke. Kama mwaka umepita na bado huwezi kuamua jambo la nyumbani kwako bila kumpigia kocha simu, basi umebadilisha tegemeo tu. Kocha aliyeiva anafurahi siku unapomwambia "nimelimaliza mwenyewe", hata kama siku hiyo amepoteza mteja.

Kazi kwako, msomaji wangu. Kaa na mwenzako, yapitieni haya maswali pamoja, na kama tayari mna kocha, mpelekeeni. Anayeijua kazi yake atayafurahia.

Tukutane mwezi ujao, tukijaliwa.